Taa za karatasi zimeota kuvu na Idi imekaribia: nifanyeje?

«Asalaam aleikum. Niko Kisauni, Mombasa, nina binti wa miaka saba na mvulana wa miaka miwili ambaye hubanwa kifua mara kwa mara. Kila Idi huwaandalia watoto wa ukoo wetu karamu ndogo uani, na Idi Kubwa hii nataka tupambe kwa taa za duara za karatasi tulizotengeneza wenyewe. Nilifuata maelezo ya video: kikombe kimoja cha unga wa ngano, kikombe kimoja cha maji, chumvi kidogo, vipande vya gazeti juu ya baluni, tabaka nne kwa mpigo. Siku ya tatu zilikuwa bado mbichi. Siku ya tano zikaota madoa meusi na ya kijani, zikanuka, na mbili zikabonyea. Nikarudia, mara hii nikatia chumvi vijiko vitatu, ikawa mbaya zaidi: kila asubuhi nazikuta zinatoka majimaji. Jirani mmoja ananiambia nitie mrututu kwenye gundi, mwingine anasema nizitie kwenye oveni. Zile za kwanza zimekauka, nimeziweka juu ya kabati chumbani mwa watoto, nafikiri nizipake rangi zifiche madoa. Binti yangu ameniuliza kama sisi hatujui kutengeneza. Na je, ndani naweza kuweka mishumaa midogo?»

Waaleikum salaam, dadangu. Nianze na jambo lisilongoja: zitoe hizo taa chumbani mwa watoto leo hii. Kuvu likikauka halijafa. Huko kukauka ndiko kunakorahisisha vijimbegu vyake kuruka hewani, na mtoto anayebanwa kifua atavivuta usiku kucha. Rangi nayo haitasaidia, maana rangi ya maji italilowesha tena. Zishushe taratibu bila kuzikung'uta wala kuzipiga brashi, zifungie ndani ya gazeti, zitupe nje, kisha futa juu ya kabati kwa maji ya sabuni na upaache pakauke vizuri. Kama kijana amekohoa au kukoroma kifuani kuliko kawaida yake katika siku hizi, mpeleke kwa daktari anayemjua na umweleze habari ya kuvu. Ukiona mbavu zinazama anapovuta pumzi, au anashindwa kunywa, au midomo inabadilika rangi, usingoje kesho. Ni saa hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye taa. Mwambie binti yako kwamba mnajua kutengeneza. Mlilofuata ni maelezo ya watu wanaoishi katika hewa nyingine. Video nyingi za namna hii hutoka nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto na hewa ya ndani hukauka mpaka midomo ya watu ikapasuka. Huko, tabaka nne za gazeti na gundi nzito huweza kukauka kabla kuvu halijapata nafasi. Mombasa alfajiri ya siku nyingi za mwaka unyevu wa hewa hupita asilimia 80, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Idi nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo miaka hii Idi Kubwa imetuangukia katikati ya masika. Ya 2026 inatarajiwa mwishoni mwa Mei, kwa mwandamo wa mwezi. Watoto watakuwa na nguo mpya na hewa itakuwa imejaa maji. Kazi yoyote ya karatasi na gundi ya unga lazima ipangwe kwa kuifikiria hewa hiyo.

Kuvu linataka vitu viwili: chakula na maji. Chakula umeshalipatia, maana unga ni wanga na gazeti ni mti uliosagwa. Vijimbegu huna haja ya kuvitafuta, vimo hewani kila mahali. Kinachobaki ni maji, na hapo saa inahesabika: kitu kikibaki kibichi zaidi ya siku moja au mbili, kuvu huanza kutia mizizi hata kama macho hayalioni bado. Taa zako zilikuwa mbichi siku ya tatu, kwa hiyo madoa ya siku ya tano yalikuwa yameshaanza zamani.

Ushauri wa chumvi umeenea sana, na watu hawakuuzua. Chumvi nyingi huyafunga maji kuvu lisiweze kuyatumia, ndiyo maana papa wa chumvi hakai akaoza. Lakini chumvi ya jikoni ina tabia nyingine: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka ikayeyukia ndani yake. Umeshaiona kwenye kichupa cha chumvi mezani, jinsi inavyogandamana hata watu wakatia punje za mchele. Vijiko vyako vitatu vilifanya kazi hiyo hiyo ndani ya taa. Usiku hewa ikijaa maji, chumvi iliyavuta, asubuhi ukakuta majimaji. Mchana yakakauka kidogo, usiku yakarudi. Wanasesere wa unga wa chumvi wanaooneshwa kwenye video hizo hizo hulegea hapa kwetu kwa sababu hiyo hiyo. Pwani, chumvi kwenye gundi ya karatasi iache kabisa.

Baluni nayo ina lawama yake. Mpira haupitishi hewa, kwa hiyo maji ya tabaka la ndani hayana pa kutokea isipokuwa kupenya tabaka zote tatu zilizo juu yake. Upande wa nje hukauka ukawa mgumu, ukadhani kazi imekwisha, na ndani kumbe ni uji. Zile mbili zilizobonyea nadhani ulizianika juani. Hewa ndani ya baluni hutanuka ikipata joto na hunywea ikipoa. Tofauti ya nyuzi kumi tu hubadilisha ukubwa wake kwa asilimia tatu hivi. Mchana imesukuma karatasi mbichi, jioni imerudi nyuma, na karatasi ambayo haijapata nguvu ikaifuata. Halafu kuna hatari isiyohusu taa. Kipande cha baluni iliyopasuka ni katika vitu vibaya kabisa kwa mtoto mdogo, kwa kuwa hujibandika kooni na huwezi kukitoa kwa kidole. Mashirika ya usalama wa bidhaa hushauri watoto chini ya miaka minane wasiachiwe baluni isiyopulizwa wala vipande vyake. Kwako hapo ni watoto wote wawili.

Mrututu, hapana. Ni kweli ulitumika zamani kwenye gundi za karatasi za ukutani, na kweli unaua kuvu. Ni chumvi ya shaba na ni sumu. Mtoto wa miaka miwili hulamba vidole, hulamba meza, na hutafuna kipande cha karatasi kilichoanguka. Usiuingize nyumbani kwa ajili ya mapambo. Ukitaka kitu cha kuisaidia gundi isichache mpaka kesho yake, chemsha karafuu kumi hivi katika maji utakayopikia. Karafuu ina mafuta yanayochukiwa na kuvu, na harufu yake itakufurahisha. Nasema itasaidia gundi iliyo kwenye bakuli, haitaokoa taa iliyobaki mbichi siku tatu. Mafuta ya karafuu ya chupa usiyatumie, maana mtoto akiyanywa hata kidogo yanaweza kumdhuru vibaya.

Na oveni? Ikiwa baluni imo ndani, itapasuka na kuyeyuka ikanuka. Ikiwa umeshaitoa, moto hukausha ngozi ya nje haraka na kufungia maji ndani, na katika oveni ya gesi karatasi ikigusa penye moto inawaka. Panka ni bora mara nyingi. Kukauka ni maji kuondoka, na maji huondoka pale hewa iliyoshiba inaposogezwa ikaja nyingine. Kivuli chenye upepo kinashinda jua la pahali palipotulia.

Kama moyo wako bado uko kwenye taa za duara, zinawezekana. Pika gundi. Unga mbichi uliokorogwa na maji baridi haujawa gundi, ni punje za wanga zinazoelea. Ndiyo maana ulihitaji unga mwingi namna hiyo. Punje hizo zikifika joto la nyuzi 60 na kitu huvimba, hupasuka na kutoa ule utelezi unaoshika. Chukua kikombe kimoja cha unga, kikoroge na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka kusiwe na madonge, kisha mimina ndani ya vikombe vinne vya maji yanayochemka huku unakoroga kama upikavyo uji. Ikiwa nzito na kung'aa, epua, funika, ngoja ipoe. Unga wa muhogo nao unafaa na hutoa gundi nyeupe iliyo wazi zaidi. Gundi hiyo ni ya siku ile ile. Ikibaki, itie kwenye friji na uimalize siku ya pili.

Chana gazeti kwa mkono, usikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi zinazoshikana. Paka gundi kwa brashi, nyembamba, kisha kamua kila kipande kwa vidole viwili kabla ya kukibandika. Karatasi iwe na unyevu, isidondoke. Tabaka mbili tu, basi. Itundike kwa uzi mbele ya panka, isikae juu ya meza, kwa sababu upande uliolala hauoni hewa. Kesho yake, gamba likiwa linasimama lenyewe, toboa baluni wewe mwenyewe, itoe yote, hesabu vipande, na mdomo wa taa uufungue upana wa ngumi ili hewa ipite ndani pia. Kavu ndani na nje ndipo uongeze tabaka mbili nyingine. Jioni, kabla ya Maghribi, iingize ndani, maana hewa ya usiku itairudishia maji uliyoyatoa mchana kutwa.

Utajuaje imekauka? Iweke shavuni. Karatasi yenye maji huwa baridi kwa sababu maji yanayotoka huchukua joto, hata kama vidole vinakuambia ni kavu. Ikiwa na baridi ya aina yoyote, irudishe kwenye panka. Usiipake rangi wala vanishi mpaka baridi hiyo iishe, la sivyo utakuwa umeyafunika maji ndani.

Kuna pia gundi nyeupe ya dukani, ile ya shule. Kuvu halipati chakula kirahisi ndani yake kama ndani ya unga, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji inafanya kazi nzuri. Ni ghali kwa taa nyingi, na karatasi yenyewe bado ni chakula, kwa hiyo masharti ya kukausha ni yale yale.

Lakini ukiniuliza mimi, masika hii nisingetengeneza taa za duara hata moja. Ningechukua chelewa, zile njiti za ufagio wa makuti. Mafundi wa tiara (vishada) wa mitaani mwetu wameshalitatua tatizo lako: fremu ya vijiti vikavu na karatasi nyepesi iliyobandikwa kwenye kingo tu. Hakuna kitu kizima kilicholoweshwa. Gundi ni mstari mwembamba, unakauka kwa saa moja hata siku ya mvua. Toa chelewa ngumu kwenye ufagio mpya, kata tisa za urefu wa sentimita 20. Tatu zifunge kwa uzi ziwe pembe tatu, tatu nyingine vile vile, kisha unganisha pembe tatu hizo mbili kwa vijiti vitatu vilivyobaki, moja juu na moja chini. Ninapendekeza pembe tatu kwa sababu haiyumbi: ukishafunga ncha zake, umbo halina pa kwenda. Mraba utakuelemea upande mmoja mpaka uutie mshazari. Kila kifundo kitie tone la gundi juu ya uzi. Kisha bandika karatasi laini ya rangi pande tatu za ubavuni, juu na chini paache wazi.

Binti wa miaka saba ataweza kukata karatasi, kupaka gundi na kuchagua rangi. Kufunga vifundo vya kwanza mshikie wewe, vya pili atakuambia umwachie. Akitaka urembo, akunje karatasi mara nne na kukata matundu kabla ya kubandika, yatoe nyota na miezi mwanga ukipita. Ncha za chelewa zikate butu na uzifungie uzi, zisimchome mdogo wake. Na muzitundike barazani au chini ya paa: karatasi laini ya rangi ikinyeshewa huchuja rangi, na kanzu nyeupe ya Idi haitasahau.

Mishumaa, dada, hapana. Nasema hivi kwa taa za aina zote mbili. Karatasi huanza kuwaka kwenye nyuzi 230 hivi, na mwali wa mshumaa, mdogo ulivyo, unapita nyuzi 1000. Upepo wa kusi ukiisogeza taa kidogo tu, karatasi imefika. Chini yake watakuwa wasichana wenye magauni ya neti na ya kitambaa cha nailoni, ambacho huyeyuka kikaganda kwenye ngozi. Ikiwa hata hivyo mtoto ameungua na kitu chochote siku hiyo, liweke jeraha chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, usimpake dawa ya meno wala yai, na jeraha la usoni, mikononi au kubwa kuliko kiganja chake lipelekwe hospitali.

Tumia taa ndogo za umeme wa betri, lakini itazame betri kabla ya kununua. Vile vimishumaa vya plastiki vinavyouzwa kwa bei ndogo vingi vina betri ya duara bapa mfano wa sarafu, na kifuniko chake hufunguka kwa ukucha. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake huunguza nyama ya koo, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili, naye labda anakohoa kidogo tu au anakataa chakula. Nunua ule uzi wa taa wenye kisanduku cha betri ndefu za rimoti ya televisheni na kifuniko cha skrubu, uupitishe ndani ya taa zote, na kisanduku ukifunge juu pasipofikika. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza betri ya duara, usimtapishe, usingoje dalili, mpeleke moja kwa moja hospitali yenye eksirei, kama Hospitali ya Rufaa ya Pwani, na useme neno betri pale mlangoni. Aliyepita mwaka mmoja na anameza vizuri anaweza kupewa asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita, na asali isiwacheleweshe kutoka nyumbani.

Kwa mpangilio, taa za chelewa kumi mnaweza kuzimaliza kwa alasiri mbili, hata mkianza wiki yenyewe ya Idi. Za duara zinataka siku nne au tano kila moja, na masika ongeza mbili; tengeneza moja kwanza uijue, ukae nayo mpaka baridi ya shavuni iishe, ndipo uanze nyingine. Kama mnazitaka zote mbili, duara moja kubwa ya katikati na za chelewa pembeni zitapendeza uani. Mdogo naye apewe kazi yake, asifukuzwe: mkalishe mbali na gundi na mkasi, mpe gazeti kuukuu, na umwache achane vipande apendavyo. Vikubwa mtavitumia.